SOMO: MPIRA UNAOVUTIKA WAPIMA GOTI



Kwa somo la leo leteni tyubu kuukuu ya baiskeli, kamba mbili, rula na kalamu inayoandika juu ya mpira.

Kateni tyubu iwe ukanda mwembamba. Kabla haujavutwa, wekeni alama mbili katikati, sentimita 10 kati yake. Sasa mmoja wenu aketi na kunyoosha mguu. Mfungeni ukanda mbele ya goti, ncha moja juu na nyingine chini, lakini msikaze hadi damu izuiwe. Akunje goti pole pole. Mnaona? Alama zinaachana. Akikunja zaidi, zinaachana zaidi. Kamba ikiteleza kipimo kitakuwa cha uongo, kwa hiyo rudieni mara tatu.

Jambo hilo hilo ndilo walilolitumia watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzao, katika kazi waliyochapisha mwaka 2014. Waliweka vipande vitatu vya mpira laini wa silikoni kwenye suruali ya kubana: nyongani, gotini na kwenye kifundo cha mguu. Ndani ya mpira kuna vijia vyembamba sana, vimejazwa madini yaliyo maji maji, yanayopitisha umeme. Mpira ukivutwa, vijia vinarefuka na kuwa vyembamba zaidi, na umeme unapita kwa shida. Ni kama bomba la maji: likiwa refu na jembamba, maji yanatoka kidogo. Basi wakapima umeme, wakajua kiungo kimekunjwa kiasi gani.

Je, ni sahihi? Walilinganisha na kamera za maabara, na mtu akitembea, kosa la wastani halikufika digrii 5, ingawa akikimbia lilifika 15. Kamera zinashinda kwa usahihi, lakini zinabaki chumbani. Suruali inakwenda na mtu shambani au mlimani, na mimi naona hapo ndipo faida ilipo.

Kwa nini tujisumbue na digrii za goti? Mfikirie mama aliyevunjika mguu. Ametolewa plasta na anatembea, watu wanasema amepona. Kutembea mahali tambarare kunahitaji goti likunjwe kama digrii 60 tu. Kuinuka kitini kunahitaji 90 au zaidi. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunapita 110. Huyo mama akiishia 70 atafika sokoni vizuri, lakini chooni atateseka, na pengine ataona haya kusema. Macho hayaonyeshi hayo. Kipimo kinaonyesha.

Suruali ya Harvard hatuna, lakini vijiti viwili vilivyounganishwa kwa msumari vinatosha. Kimoja kilale kando ya paja, kingine kando ya muundi, msumari ukiwa ubavuni mwa goti. Mguu ulionyooka ni sufuri. Chukueni pembe hiyo, muipime kwa propalata ya mtoto wa shule. Pimeni kila juma, siku ile ile, na mwandike katika daftari. Msimlazimishe mgonjwa kukunja kupita anapoweza. Goti likivimba na kuwa la moto, apelekwe hospitali mara moja. Namba zikikaa pale pale majuma matatu, nendeni na daftari kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mkamwonyeshe.

Maswali ya kujadili:
1. Ni nani kijijini kwetu anatembea lakini hawezi kuchuchumaa?
2. Kikundi kinaweza kumtengenezea kiti cha choo kwa mbao gani tulizo nazo?