Digrii ya Uuguzi Mtandaoni: Vidokezo 8 kwa Nesi wa Nakuru Asiye na Muda wa Kupoteza

Umetoka zamu ya usiku hospitali ya PGH, matatu ya Bahati bado haijajaa, na kwenye simu limejitokeza tangazo la chuo kinachoahidi digrii ya uuguzi bila kuacha kazi. Unalisoma mara ya pili. Hongera kwa kufikiria mbele hata macho yakiwa mazito!

Tena hiyo si ndoto ya alinacha. Mwaka 2005 shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na Wizara ya Afya, wakisaidiwa na kampuni ya Accenture, walianzisha masomo ya kompyuta yaliyolenga kuwapandisha wauguzi wa cheti wapatao 22,000 hadi diploma wakiwa kazini. Wakati huo nesi alilazimika kwenda kituo chenye kompyuta na kungoja zamu yake. Leo darasa liko mfukoni mwako. Kazi iliyobaki ni kuchagua, maana vyuo ni vingi na matangazo ni mengi zaidi. Twende kazi!

1. Jua unataka kufika wapi

Huenda umesikia habari za NP (nurse practitioner) wa Marekani: muuguzi mwenye shahada ya uzamili au zaidi, anayepima, kutibu na kuandika dawa kwa leseni yake mwenyewe. Mafunzo hayo yalianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, yakiongozwa na muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Kenya ni tofauti kidogo. Kazi ya kupima na kutibu katika ngazi hiyo tumempa afisa wa kliniki, ambaye ana baraza lake na sheria yake ya mwaka 2017. Bila shaka, ukienda zahanati ya ndani kule Kuresoi utamkuta nesi mmoja anachanja watoto, anapima wajawazito, anatibu malaria na kuzalisha, yote kabla ya saa saba mchana. Mikono anayo. Leseni ya NP ndiyo hana.

Kwa hiyo ngazi yako hapa nyumbani ni hii: cheti (KECHN), diploma (KRCHN), digrii (BScN), kisha uzamili. Pembeni kuna diploma za juu za ubingwa kama vile ICU, figo, theta na afya ya akili. Mbinu ya haraka: chukua karatasi, uandike sentensi moja tu, "Nikimaliza nataka kufanya kazi ya … katika …." Ukijaza "figo" na "Nakuru", pengine diploma ya juu itakufikisha mapema kuliko digrii. Ukijaza "kufundisha KMTC" au "kusimamia wodi", digrii ndiyo njia. Dakika tano hizo zitakuokolea miaka.

2. Baraza kwanza, brosha baadaye

Brosha hupendeza. Picha za vijana wenye stethoskopu, tabasamu, majani ya kijani. Iweke kando kwanza, ufungue tovuti ya Baraza la Wauguzi (NCK) na utafute orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kufundisha uuguzi. Baada ya hapo nenda kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) uhakikishe kwamba chuo na programu yenyewe vinatambuliwa. Unahitaji majibu mawili. CUE inahusika na digrii kama elimu, na Baraza ndilo linalokusajili na kukupa leseni. Chuo kinaweza kuwa kikubwa na chenye jina, lakini kama tawi au programu unayoitaka haimo kwenye orodha ya Baraza, utamaliza na cheti kizuri cha kutundika ukutani.

Muulize pia karani wa udahili swali hili, neno kwa neno: "Wanafunzi wa programu hii huandikishwa Baraza lini, na nani anapeleka majina?" Chuo kilichojipanga hujibu papo hapo. Akianza kukuambia "usijali, hilo tutaliona mbele," wewe jali.

3. Uliza wodi iko wapi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi hukwama. Hakuna anayejifunza kutoa kondo lililokwama kwa kutazama video. Programu ya uuguzi inayostahili jina hilo ina saa za vitendo, na saa hizo ni lazima zifanyike mahali penye wagonjwa, chini ya msimamizi anayekubalika. Nadharia unaweza kuisoma kitandani. Vitendo vinataka wodi.

Bahati nzuri, sisi wa Bonde la Ufa la kati hatuna uhaba wa mahali pa kujifunzia. Hospitali ya Rufaa ya Nakuru, ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH, ina jengo la mama na mtoto la Margaret Kenyatta lenye shughuli mchana na usiku. Naivasha iko kwenye barabara kuu, na ajali ni sehemu ya kazi ya kila wiki. Gilgil inajulikana kwa huduma za afya ya akili. Molo na Elburgon zipo, Nyahururu haiko mbali. Swali ni kama chuo chako kina mkataba na mojawapo ya hospitali hizo, au kitakutaka uende kukaa wiki sita mbali na watoto wako, kwa kodi na nauli yako.

Uliza mambo matatu, na uombe majibu kwa barua pepe: Nitafanyia vitendo hospitali gani? Nani atanisimamia na kusaini? Je, wodi ninayofanyia kazi inaweza kuhesabiwa, na kwa masharti gani? Jambo la tatu lina uzito sana. Vyuo vingine hukubali sehemu ya saa katika kituo chako mradi uwe mwanafunzi wakati huo, si mfanyakazi aliye zamu.

Ukishaanza, kitabu chako cha vitendo kisainiwe siku ileile, kwa jina kamili, namba ya usajili ya msimamizi na muhuri wa wodi. Usilimbikize kurasa hadi mwisho wa mwezi. Sista aliyekuona ukishona msamba Jumanne anaweza kuhamishiwa Olenguruone Ijumaa, na hakuna mwingine anayeweza kuapa kwamba ulishona.

4. "Mtandaoni" kwa asilimia ngapi?

Neno hili lina watoto wengi. Kuna chuo ambacho mtandaoni kwake ni kutumiwa madokezo tu. Kuna kingine chenye vipindi vya moja kwa moja saa mbili usiku, na kingine kinachokutaka ufike kampasi wiki mbili kila muhula na tena wakati wa mitihani. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160. Ukiwa Kabarnet au Marigat, ongeza safari nyingine juu ya hiyo.

Omba ratiba ya mwaka mzima, si ya muhula mmoja. Iweke kando ya rota yako ya miezi mitatu iliyopita, chora duara kila panapogongana. Maduara yakizidi siku zako za ofu, tafuta programu nyingine au zungumza na msimamizi wako wa wodi mapema.

Na usidharau cha karibu! Egerton ina kitivo cha sayansi za afya hapa Nakuru mjini, Kabarak iko njia ya kwenda Eldama Ravine na inafundisha uuguzi, KMTC ipo mjini kwa wanaotaka diploma. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza Afrika Mashariki mwaka 2001 kwa programu iliyopangwa mahsusi kwa wauguzi walio kazini, wakihudhuria darasa siku maalumu za wiki. Mtindo huo unafanya kazi. Kwa maoni yangu, chuo cha nusu saa kwa matatu, chenye vipindi vya wikendi na walimu unaowajua kwa sura, kinakishinda cha mtandaoni kilicho mbali ambacho simu yake haipokewi.

5. Bando, stima na betri

Kipindi cha moja kwa moja chenye video kinaweza kumeza karibu GB moja kwa saa. Zidisha kwa wiki, zidisha kwa miezi… umeona? Uliza kama vipindi hurekodiwa na kama unaweza kuvipakua. Kisha vipakue vyote kwa mkupuo penye Wi-Fi, uvisikilize njiani, kwenye foleni ya benki au ukichambua mboga. Darasani zima kamera yako pale mwalimu anaporuhusu, utaokoa bando nyingi. Pawabenki iliyojaa ni lazima, hasa maeneo ya Molo na Kuresoi mvua inapoanza na stima kuondoka bila kuaga.

6. Hesabu karo hadi shilingi ya mwisho

Karo ya muhula ni mwanzo tu. Omba orodha kamili: usajili, mitihani, maktaba, ada za Baraza, sare, bima ya vitendo, mahafali. Ongeza mwenyewe bando, nauli na kodi ya wiki za vitendo. Jumla yake igawe kwa miezi yote ya masomo. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na pesilipu yako, wala si ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Fedha za kusaidia zipo. HELB hutoa mkopo kwa walioajiriwa wanaojiendeleza, na sacco yako ina mkopo wa elimu ambao mara nyingi una riba nafuu kuliko ule wa haraka wa kwenye simu. Uliza pia kama chuo kinakubali kulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Jambo moja halina mjadala: karo hulipwa kwenye akaunti au namba ya paybill ya chuo. "Ajenti" anayekutumia namba yake binafsi ili akuwahishie nafasi, mwage hapohapo.

7. Barua kwa mwajiri iende kabla ya ombi la kujiunga na chuo

Tangu ugatuzi wa 2013, wauguzi wengi wa umma wako chini ya kaunti, na ruhusa ya masomo hupitia huko. Andika mapema, taja programu, muda na faida yake kwa kituo chako, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ukipewa ruhusa yenye mshahara, soma masharti: mara nyingi utatakiwa kuitumikia kaunti kwa muda fulani baadaye.

Na kupanda cheo? Kwa utaratibu wa utumishi tuliouzoea, muuguzi wa diploma huanzia kundi H na wa digrii kundi K. Lakini digrii haikupandishi yenyewe. Inahitaji ombi, nafasi na bajeti, na kuna wauguzi waliohitimu na kungoja muda mrefu. Waulize waliohitimu kabla yako katika kaunti yako walisubiri kwa muda gani na walifuatiliaje. Masomo haya ni haki yako na wagonjwa wako watayafaidi, kwa hiyo dai cheo chako kwa karatasi zilizopangwa vizuri.

8. Kama macho yako yako ng'ambo

Una dada Minnesota anayekutumia viungo vya programu za NP za mtandaoni? Mwambie asante, kisha usome masharti. Vyuo vya Marekani kwa kawaida humtaka mwombaji awe tayari na leseni ya uuguzi ya jimbo la huko, yaani amefaulu mtihani wa NCLEX. Vilevile saa za vitendo hufanyika kwa wagonjwa wa huko, na viwango vilivyotolewa mwaka 2022 vinadai zisizopungua 750. Huwezi kuzimaliza ukiwa Nakuru. Kwa dada yako mwenye leseni tayari, ni njia nzuri kabisa: ahakikishe programu imeidhinishwa na chombo cha ithibati cha huko, CCNE au ACEN, na kwamba chuo kinapokea wanafunzi wa jimbo lake, kwa sababu si kila chuo hupokea kutoka majimbo yote.

Zile digrii za "kumalizia" za Uingereza zinazosomwa mtandaoni nazo zina kikomo: hazikusajili kwa baraza la wauguzi la huko. Zinaweza kukuongezea elimu, lakini kabla ya kulipa uliza CUE na Baraza letu zitakutambua vipi hapa.

Sasa chagua vyuo vitatu, si kumi. Vitumie maswali yaleyale ya vidokezo namba 2, 3 na 4 kwa barua pepe leo, na uvipe wiki moja. Kitakachojibu kwa ukamilifu, kwa maandishi na bila kukuharakisha kulipa, anza nacho. Vyuo vyetu vingi huingiza wanafunzi Januari, Mei au Septemba, kwa hiyo nafasi yako haiko mbali. Tuma hizo barua pepe kabla hujaingia zamu.