Umeme Ukikatika, Logi za Linux Zinabaki?

Kompyuta ya Linux huandika yanayoipata: nani ameingia, huduma ipi imekwama, diski gani imeanza kuleta hitilafu. Maandishi hayo ndiyo logi. Anayetunza mashine za ofisi au shule Dodoma, Kongwa au Mpwapwa azipange leo, kabla ya tatizo.

Mbona logi zilipotea kompyuta ilipowashwa upya?

Huenda hazikufika kwenye diski. Kwenye mashine nyingi zenye systemd, kama folda ya /var/log/journal haipo, logi hukaa kwenye memori, na memori hufutika mashine ikizimwa. Fungua /etc/systemd/journald.conf kwa sudo, na chini ya [Journal] andika Storage=persistent. Kisha endesha sudo systemctl restart systemd-journald, ufuatishe sudo journalctl --flush.

Na umeme ukikatika ghafla?

Hapa wengi hawaangalii. Kwa kawaida ujumbe husukumwa kwenye diski kila baada ya dakika 5. Ule wa hatari kubwa tu, kuanzia ngazi ya crit, ndio unaosukumwa papo hapo. Kwa hiyo dakika za mwisho, zile hasa fundi anazozitaka, zinaweza kupotea. Kama huna UPS, weka SyncIntervalSec=30s kwenye faili lilelile. Diski itafanya kazi zaidi kidogo, lakini ni gharama inayokubalika.

Diski haitajaa?

Kikomo cha kawaida ni asilimia 10 ya nafasi yake, isizidi GB 4. Kwa kompyuta ya zamani SystemMaxUse=500M inatosha; journalctl --disk-usage itakuonyesha nafasi iliyotumika. Usibane nafasi kwa kuhifadhi makosa peke yake: mtu akifanikiwa kuingia kwa SSH huandikwa kwenye ngazi ya info, nawe utakuwa umefuta alama za mvamizi.

Saa zinapishana, nifanyeje?

Logi ikisomeka 05:10 wakati tukio lilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi, mashine inafuata UTC. Endesha sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam; Dodoma haina jina lake kwenye orodha hiyo.

Nizitunze kwa muda gani?

Logi hubeba majina ya watumiaji na anwani za IP. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za watu zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ofisi iamue muda wake na kuuandika, mathalani MaxRetentionSec=3month, na ruhusa ya kuzisoma ibaki kwa wahusika tu.