Barua Pepe Yako Inapokataliwa

Seva inayopokea barua pepe huuliza kwanza orodha nyeusi, kama ile ya Spamhaus iliyoanzishwa mwaka 1998, iwapo anwani ya IP ya seva iliyotuma imeripotiwa kusambaza barua taka. Ikiwa imo, barua hukataliwa hata kabla yaliyomo hayajapokelewa. Orodha huitazama anwani, haimjui mwandishi. Hivyo mtumiaji asiye na hatia huadhibiwa kwa kosa la jirani anayetumia naye seva moja, na ombi lake la kazi likakosa kufika. Usiitume tena na tena. Soma taarifa ya kukataliwa, ambayo aghalabu huwa na namba 550 au 554 na huitaja orodha husika, kisha uipeleke kwa mtoa huduma wako ili aombe anwani iondolewe. Spamhaus haitozi ada ya kuiondoa. Anayekudai fedha kwa jina hilo mtilie shaka.