JUMANNE: Mkate kwa Nabii Aliyechoka

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alipewa nini kabla ya kuulizwa neno lolote?

Eliya alikuwa ametoka Karmeli na ushindi. Alipiga mbio mbele ya Ahabu hadi Yezreeli, kisha akamkimbia Yezebeli hadi Beer-sheba, na bado akaenda mwendo wa siku moja jangwani. Chini ya mretemu aliomba afe. Wengi wetu tungemhubiria juu ya imani. Mungu alimpa usingizi, mkate na maji, tena mara mbili. Swali la kuuchunguza moyo wake lilingoja hadi Horebu.

Aliyeuumba mwili anajua unavyofanya kazi. Chukua tonge la ugali. Mdomoni, mate huanza kuugeuza wanga kuwa sukari; ndiyo maana ukilitafuna kwa muda huanza kuwa tamu. Katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi, wanga huvunjwa kabisa kuwa glukosi, nayo huingia katika damu. Ini huweka sehemu yake kama akiba. Ndani ya seli, glukosi huunguzwa kwa oksijeni tunayovuta, na hapo tunapata nguvu ya kutembea, kufikiri na hata kuomba.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya nguvu zake. Mtu asipokula, akiba ya ini huisha kwa muda wa siku moja hivi. Mwili huanza kutegemea mafuta yake, lakini mtu hulegea, hukasirika upesi na kuona kila jambo zito. Tusikimbilie kusema kwamba amerudi nyuma kiroho.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtembelea dada mmoja kandokando ya ziwa, nje ya jiji la Mwanza. Alikuwa ameacha kuja kanisani. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa kwa ujira wa siku. Nilimsomea mafungu matatu, nikaomba kwa kirefu. Nilipofungua macho, binti yake alininong’oneza: “Mwalimu, mama hajala tangu jana asubuhi.” Mbalamwezi ilikuwa kali juma hilo. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, kwa hiyo mitumbwi haikuingia ziwani, naye hakuwa na cha kuanika. Jirani, ambaye si mshiriki wa kanisa letu, ndiye aliyeleta uji. Baada ya bakuli moja dada yule alianza kuzungumza, na mimi nikaanza kusikiliza. Niliondoka nikiwa nimejifunza lesoni ambayo nilidhani nilikwenda kuifundisha.

Soma Marko 5:41–43 na Yakobo 2:15, 16. Yesu aliagiza nini mara baada ya kumfufua binti Yairo? Agizo hilo linatufundisha nini kuhusu imani na matendo?

Kwa majadiliano: Ni nani katika kikundi chenu hakufika Sabato iliyopita? Kabla ya kumuuliza habari za imani yake, mtajuaje kama jiko lake limewaka leo? Pangeni nani atakwenda, na atabeba nini mkononi pamoja na Biblia.