SOMO: UVIMBE WA MWILI UNATOKA WAPI?



Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu waliuliza kwanza habari ya kosa: je, lilikuwa lake au la wazazi wake? Bwana alikataa yote mawili. Swali hilo bado tunalo hapa Lusenda, kijijini na hata kambini kwa ndugu zetu wa Burundi. Mtu akiota uvimbe mguuni, hatuulizi ni ugonjwa gani, tunauliza ni nani. Wengine husema amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Wengine husema ni karuho. Na siku hizi wengi hunong'ona, "Huyo ana SIDA, alikuwa mzinzi." Katika maneno hayo yote kuna mtu anayehukumiwa, na mara nyingi mguu wenyewe haujaonwa na munganga hata mmoja.

Mwili una nyama, mafuta, kano, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hizo zote huitwa sehemu laini, maana si mifupa. Uvimbe unaweza kuanza katika kila moja, na mwingi si kansere. Uvimbe wa mafuta ulio laini, unaosogea chini ya ngozi ukiugusa, hauna maumivu na unakaa miaka mingi bila kukua sana. Huo hauui mtu. Kansere za sehemu laini waganga huziita sarkoma, na kwa kawaida ni chache sana kuliko kansere zingine.

Lakini iko sarkoma moja ambayo katika nchi zetu si chache. Jina lake Kaposi, kwa sababu ya munganga wa Vienna, Moritz Kaposi, aliyeiandika mwaka wa 1872. Huanza na madoa au vinundu vyeusi, vyekundu au vya zambarau, mara nyingi kwenye nyayo na miguu. Baadaye mguu unavimba na kuwa mgumu, na vidonda vinaweza kutoka. Huwapata wanaume kuliko wanawake, ingawa wanawake na watoto hawakuachwa. Inaweza kuingia pia mdomoni, tumboni na mapafuni.

Wapendwa, shikeni jambo hili: ugonjwa huu ulikuwa hapa kwetu mbele SIDA haijajulikana. Waganga waliotumika mashariki mwa Kongo na Uganda katika miaka ya 1950 waliona wagonjwa wengi wa Kaposi, hata mwaka wa 1961 wataalamu wakakusanyika Kampala kuujadili ugonjwa huo peke yake. SIDA ilikuja kutambuliwa mwaka wa 1981, huko Marekani, na moja ya alama zake za kwanza ilikuwa hiyo Kaposi katika vijana wanaume. Tangu hapo watu wakaunganisha mambo mawili kuwa moja. Mzee mwenye vinundu mguuni anaweza kuwa na SIDA, na anaweza kuwa hana kabisa. Macho ya jirani hayawezi kujua. Kipimo cha damu ndicho kinachojua.

Sababu yake ilitafutwa kwa muda mrefu. Munganga mmoja Mmarekani aliyepata kutumika Kampala, John Ziegler, aliandika mwaka wa 1993 kwamba labda ni udongo wa volkano unaoingia katika miguu ya watu wasiovaa viatu. Sisi wenye Nyiragongo na Nyamulagira katika Kivu tunaweza kuona kwa nini alifikiri hivyo, lakini wazo hilo halikuthibitishwa. Mwaka uliofuata, 1994, Yuan Chang na Patrick Moore huko New York walipata kirusi ndani ya vinundu vya Kaposi. Kinaitwa herpesi ya nane. Bila kirusi hicho hakuna Kaposi.

Kirusi hiki kinapita hasa kwa mate. Katika Afrika wengi hukipata wakiwa watoto, nyumbani, katika kula na kulala pamoja na kulelewa. Sehemu nyingi za Afrika yetu, watu wazima zaidi ya 30 katika 100 wanacho, na mahali pengine hufika nusu. Basi tukihesabu watu wa mabenchi mawili kanisani, huenda benchi moja lote wanacho wala hawajui. Karibu wote watakufa na uzee bila kuona kinundu kimoja. Inafikiriwa kwamba mama anayemtafunia mtoto chakula anaweza kumpitishia, na ni vizuri kuacha desturi hiyo. Lakini mama asihukumiwe, maana hata yeye alipewa akiwa mtoto.

Kwa nini basi mmoja anaugua na mwingine haugui? Sababu kubwa inayojulikana ni kulegea kwa askari wa mwili. Virusi vya SIDA huwaua askari hao, na hapo herpesi ya nane hupata nafasi. Uzee nao huwadhoofisha. Kwa mwenye SIDA, dawa za kila siku zinarudisha nguvu ya mwili, na mara nyingi madoa ya Kaposi yanapungua. Kwa hiyo anayekimbia kipimo kwa haya anakimbia pia dawa.

Sarkoma zingine zina sababu zingine, na nyingi hazina sababu inayojulikana. Miale ya kutibu kansere inaweza kuleta sarkoma miaka mingi baadaye, kwa watu wachache. Mkono au mguu uliovimba miaka na miaka kwa maji yasiyoshuka nao una hatari. Kupigwa au kuanguka hakuleti kansere. Mara nyingi mtu anajipapasa mahali alipoumia ndipo anakuta uvimbe uliokuwako tangu zamani.

Tena wako watu wenye vinundu vingi vidogo laini mwili mzima, pamoja na madoa ya rangi ya kahawa yenye maziwa. Watoto huwakimbia, na watu wazima hukataa kula nao sahani moja. Ugonjwa huo hauambukizi hata kidogo. Ni wa kuzaliwa nao: mzazi mwenye nao anaweza kumpa mtoto, nusu kwa nusu, lakini karibu nusu ya wagonjwa ni wa kwanza katika ukoo wao. Hapo ndipo mulozi hutafutwa, kwa sababu hakuna babu aliyekuwa nao. Katika jimbo letu wajane wazee wamefukuzwa na hata kuuawa kwa neno kama hilo. Wenye vinundu hivyo wachache hupata kansere, basi kimoja kikianza kukua upesi au kuuma, kionwe.

Kwa wanaopokea maono: mfalme Hezekia alipougua jipu, nabii Isaya mwenyewe aliagiza andazi la tini liwekwe juu yake. Unabii na dawa vilikaa chumba kimoja. Anayekuja kuombewa aombewe, na kesho yake asindikizwe kituo cha afya.

Uvimbe usiosubiri ni huu: unaofikia ukubwa wa yai la kuku, unaokua mwezi kwa mwezi, ulio ndani sana chini ya nyama, au uliokatwa ukarudi. Pia madoa meusi yanayoongezeka miguuni au mdomoni. Usichanjwe kwa wembe, usichomwe, usifungwe majani ya moto. Mwombeni munganga kipimo cha damu cha SIDA, na muulize ni wapi watakata kipande kidogo cha kupima kwa darubini, kwa sababu hicho ndicho kinachoonyesha kama ni kansere na ni ya namna gani. Huenda mtatumwa hadi Bukavu. Familia ianze mapema kutafuta nauli na mtu wa kumlinda mgonjwa huko.