Gari Lililoinuliwa na Usukani Wake: Mwongozo kwa Wamiliki, Madereva na Mafundi wa Magari ya Safari

Sababu ya kutolewa kwa kijitabu hiki

Malalamiko ya madereva wanaopeleka watalii Ngorongoro na Serengeti kutoka Arusha yanafanana kwa jambo moja: gari lililotoka gereji likiwa limeinuliwa na kufungwa springi mpya huvuta upande, huchelewa kurudisha usukani baada ya kona, au magurudumu yake ya mbele hutikisika kwa nguvu linapopiga shimo, ilhali kabla ya kuinuliwa halikuwa na dosari hizo. Mamlaka inayotoa kijitabu hiki imeona ni wajibu wake kueleza chanzo cha dosari hizo na kuweka wazi onyo litakalorudiwa katika kijitabu hiki chote: gari lililoinuliwa lisirudi barabarani kabla usukani wake haujapimwa na kusahihishwa.

Kwa nini magari haya hubadilishwa

Sasipensheni ni jina la jumla la vifaa vinavyounganisha mwili wa gari na magurudumu, yaani springi zinazobeba uzito, shokapu zinazotuliza mruko wa springi, na bushi za mpira zinazokaa kwenye maungio. Toyota Land Cruiser za aina ya 70, zinazotumika sana katika hifadhi za kaskazini, zilianza mwaka 1999 kutengenezwa zikiwa na springi za koili mbele, juu ya ekseli nzima inayoshika magurudumu yote mawili, huku nyuma zikibaki na springi za majani, yaani mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Chesisi ya gari kama hilo inaporefushwa, paa la kufunguka likawekwa na viti vikaongezwa, uzito huwa si ule uliokusudiwa na kiwanda; tena barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati huzipasha moto shokapu hadi mafuta ya ndani hutoa povu na kushindwa kuutuliza mruko. Kuimarisha sasipensheni, basi, si kosa, na Mamlaka haimlaumu mmiliki anayefanya hivyo. Kosa ni kuinua mwili wa gari na kuusahau usukani.

Hatari inayopuuzwa

Ekseli ya mbele yenye springi za koili hushikwa na mikono miwili mirefu iliyofungwa kwenye chesisi, na gari linapoinuliwa mikono hiyo hushuka na kuizungusha ekseli kidogo. Mzunguko huo hupunguza kasta, yaani mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona, na mlalo huo ndio unaofanya usukani urudi wenyewe na gari lishike njia iliyonyooka. Kuinua kwa milimita 50 huweza kupoteza takribani digrii 2 za kasta, kiasi kinachotosha kumfanya dereva apambane na usukani kwenye lami, hasa anapokwenda kasi.

Pamoja na hayo, ekseli hiyo huzuiwa kuhama upande na fimbo iitwayo panhadi, huku fimbo ya usukani ikipeleka mwendo kutoka boksi la usukani hadi magurudumu. Kiwandani fimbo hizo mbili huwekwa zikiwa karibu sambamba, ili gurudumu linapopanda na kushuka ziende pamoja. Fundi anayeishusha moja na kuiacha nyingine huuvunja usambamba huo, na matokeo yake magurudumu hujigeuza kila gari linapopita kwenye tuta, ingawa dereva hakuugusa usukani.

Dosari hizi zikikutana na bushi zilizochakaa au tairodi endi, yaani maungio ya ncha za fimbo za usukani, zilizolegea, mtikisiko wa magurudumu huweza kuanza kwa shimo dogo tu na kuendelea hadi gari lipunguzwe mwendo kabisa. Wapo wanaoufunika mtikisiko huo kwa kufunga shokapu kubwa zaidi ya usukani, lakini mficha maradhi kilio humuumbua: shokapu hiyo hupunguza dalili, na chanzo hubaki kikizidi kukua.

Utaratibu wa lazima

1. Kabla ya kuinua gari, bushi, beringi, tairodi endi na boksi la usukani vikaguliwe, na kilicholegea kibadilishwe, kwa kuwa springi mpya haziponyi maungio ya zamani.

2. Baada ya kuinua, kasta irudishwe kwenye kipimo cha kiwanda kwa kutumia bushi maalumu au vishikio vilivyoshushwa, na ekseli irejeshwe katikati kwa panhadi inayorekebishika, kisha alaimenti, yaani upangaji wa mwelekeo wa magurudumu, ifanyike gari likiwa limebeba uzito wake wa kazini.

3. Fimbo au mkono wowote wa usukani usichomelewe kwa hali yoyote, kwa sababu joto la kuchomelea hubadili uimara wa chuma, na ufa usioonekana kwa macho huweza kukua kwa mtikisiko wa barabara hadi fimbo ikatike.

4. Kila nati ya tairodi endi iwekewe pini mpya ya kuifunga, na yu-bolti za springi za nyuma ziwe mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutika.

5. Nati zote zikazwe tena kwa spana yenye kipimo baada ya kilomita 500.

Onyo linarudiwa: hatua ya pili si ya hiari, na gari ambalo halikuipitia halifai kupakia abiria.

Breki na matairi

Mipira ya breki hunyooka gari linapoinuliwa, hivyo ni lazima irefushwe ili isikatike gurudumu linaponing'inia. Magari mengi ya aina hii yana vali ya nyuma inayopima mzigo kwa kuangalia jinsi chesisi ilivyokaribia ekseli. Sehemu ya nyuma ikiinuliwa, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, hivyo nayo irekebishwe. Tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 10 hufanya mita ya mwendo isome pungufu, kiasi kwamba gari linaloonyesha kilomita 50 kwa saa kwa kweli huwa linakwenda takribani 55.

Mipaka ya mwongozo huu

Maelezo haya yanahusu magari yenye ekseli nzima mbele, na yale ambayo kila gurudumu la mbele lina mikono yake yana vipimo vingine. Masuala ya usajili na ukaguzi chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na ya bima, hayamo humu; mmiliki ayaulize kwa wahusika kabla ya kuanza kazi.

Wajibu wa dereva

Gereji itoe karatasi inayoonyesha kasta na alaimenti kabla na baada ya kazi, nayo ikae ndani ya gari, kwa maana neno la fundi kwamba "limekaa sawa" si kipimo. Dereva aliyekabidhiwa gari lililoinuliwa lisilo na karatasi hiyo asione haya kurudisha ufunguo, kwa kuwa roho za abiria zitakuwa mikononi mwake, na mikono hiyo itashika usukani ambao hakuna aliyeupima.