SOMO LA KUJADILIANA: MUZIMU WA MERIT



Kila Jumatatu asubuhi, mbele ya kengele, munazungumza nini kwenye kiwanja? Si hesabu, si historia. Munazungumza filme mulizoangalia Jumamosi usiku: nani alikuwa mulozi, nani aligeuka nyoka, na mchungaji alimfukuza pepo namna gani. Mimi sitawagombeza juu ya hayo, maana mimi mwenyewe ni mpenzi wa filme hizo tangu nilipokuwa kwenye benchi kama ninyi. Lakini iko filme moja iliyonifurahisha na kunikasirisha pamoja, na iliniachia haya ambayo haijaisha. Leo tuisome kama tunavyosoma somo lingine lote.

1. FILME YENYEWE

Jina lake ni Living in Bondage, maana yake "kuishi katika utumwa". Ilitoka Nigeria kwa sehemu mbili: ya kwanza mwaka 1992, ya pili mwaka 1993. Mwongozaji wa sehemu ya kwanza alikuwa Chris Obi Rapu, na mwenye kuitolea feza alikuwa mchuruzi, Kenneth Nnebue. Waigizaji wanasema Kiigbo, na maandiko ya Kiingereza yanapita chini ya picha. Haikupelekwa kwenye nyumba kubwa za sinema. Iliuzwa kwa kaseti, watu wakaiangalia nyumbani kwa televizyo. Wengi wanasema kwamba biashara kubwa ya filme za Nigeria ilianzia pale.

Habari yake ni hii. Kijana mmoja, Andy Okeke, anaishi Lagos na mke wake Merit. Merit anampenda na kumvumilia, lakini Andy hana raha. Anatazama wenzake wa zamani, anaona motokari zao na nguo zao, roho inamuuma. Rafiki yake Paulo, ambaye amekwisha kuwa tajiri, anamwingiza katika chama cha siri. Wakubwa wa chama wanamwambia: lete mtu unayempenda kuliko wote. Kwanza Andy anajaribu kuwadanganya. Anawaletea Tina, mwanamke wa barabarani, kana kwamba ndiye mke wake. Tina analia kwa jina la Yesu, na udanganyifu unaonekana. Basi Andy anamtoa Merit, na Merit anakufa.

Feza zinakuja. Lakini muzimu wa Merit nao unakuja, hata mbele ya watu waliokusanyika kwa furaha ya ndoa nyingine. Katika sehemu ya pili Andy anapata wazimu na kuokota chakula kwenye takataka. Ni nani anayemkuta pale na kumpeleka kanisani? Ni Tina, yule yule aliyetaka kumwua.

2. NAMNA NILIVYOIANGALIA

Nilikuwa mwaka wa tatu. Katika mtaa wetu, hapa Butembo, jirani mmoja alikuwa na televizyo na motere ndogo ya umeme. Kila mtu alitoa kidogo kwa ajili ya esanse, tukajaa katika saluni mpaka mlangoni. Kiigbo hatukukijua, na Kiingereza hatukukijua. Kijana mmoja aliyekaa Kampala miaka kadhaa, tuliyemwita Yaya kwa heshima, alisimama kando ya televizyo na kututafsiria kwa Kiswahili.

Kazi hii inajulikana sana Afrika ya Mashariki. Kampala inafanywa na watu wanaoitwa vijei, na Dar es Salaam alivuma Lufufu kwa kutia sauti yake juu ya filme za kigeni. Watafsiri hawa hawasemi tu maneno ya filme. Wanaongeza mzaha, wanaongeza mashauri, wanataja mambo ya mji wao. Ndiyo sababu watu wanawapenda.

Yaya wetu alikuwa fundi. Merit alipokufa, mama mmoja alilia kabisa. Na hapo Yaya alisema kwa sauti ya chini: "Musifikiri ni Lagos tu. Hata wachuruzi wa hapa wanafanyaka vile. Mukiona mtoto wa tajiri amekufa, mujue."

Sisi tuliamini kwamba maneno hayo yalitoka katika filme.

Majuma matatu nyuma yake, binti wa mchuruzi mmoja wa mtaa wetu alikufa. Baba yake aliuza mabati na vipande vya kinga. Mtoto wake wa kiume alikuwa mwenzetu wa darasa. Aliporudi kutoka kilio, tulisogea kwenye benchi, tukamwachia nafasi kubwa kuliko iliyohitajika. Hakuna aliyemtukana. Tulinyamaza tu, na mtu mmoja akaandika kwa chokaa nyuma ya mlango: ANDY.

Siku moja akanishika mkono njiani: "Weye pia unaamini baba aliuzisha dada yangu?"

Sikumjibu. Nilitazama viatu vyangu.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama habari hiyo, nikidhani atashangaa pamoja nami. Mama aliacha kuchambua maharagi. "Ule mutoto aliumwaka siku tano," akasema. "Nilikuwaka pale usiku mbili, ninamushikia kichwa. Nyinyi mulikuwa wapi?"

Mwisho wa mwaka mwenzetu alihamia Beni kwa mjomba wake.

3. MAZURI YA FILME

Sitaki mufikiri kwamba ninaitupa filme hiyo. Nina sababu mbili za kuisifu hata leo.

Ya kwanza: inaonyesha tamaa bila kuipamba. Andy hafi kwa njaa. Ana nyumba, ana mke mwema. Ugonjwa wake unaanza siku anapojipima kwa kipimo cha Paulo. Kijana wa Butembo anajua jambo hili. Mji wetu ni mji wa wachuruzi. Leo mwenzako anasukuma chukudu, kesho anajenga etaji, na wewe unajiuliza una kosa gani. Muzimu unapomtokea Andy katikati ya furaha yake, mimi ninasoma zamiri yake. Mtu anaweza kula vizuri na kuvaa vizuri, na kumbe hawezi kukaa peke yake chumbani.

Ya pili: Tina. Aliyehesabiwa kuwa si kitu ndiye anayesimama mbele ya yule mwenda wazimu wakati rafiki zake wa motokari wamekimbia. Angeweza kupita. Sehemu ile, kila nikiiangalia, ninanyamaza.

4. MABAYA YA FILME

Kosa la kwanza: hakuna tunayemwona akitajirika kwa kazi. Feza za Andy zinatoka katika damu, basi. Lakini sisi tunajua feza za Butembo na Beni zinatoka wapi. Zinatoka katika kahawa, katika utomvu wa papai unaokaushwa, katika maganda ya mti wa kinkina, katika zahabu, na katika bidhaa za Dubai na za China zinazoshuka Mombasa na kuingia kwetu kwa njia ya Kasindi. Kuna wanaodanganya, kuna wanaokwepa ushuru, na hayo ni mambo ya kuchunguza kwa vitabu vya hesabu. Mtu akisema "aliua mtoto", hataki tena kuuliza kama bei ilikuwa ya haki au kama wapakizi walilipwa.

Kosa la pili: mlango wa msamaha unafunguliwa, lakini mlango wa haki haufunguliwi. Merit amekufa. Andy anapelekwa kanisani, tunafurahi, na filme inakwisha. Je, Merit ana jamaa? Je, hakuna tribinali? Mimi kama Mkristo ninaamini toba. Lakini toba isiyomkumbuka aliyekufa ni toba nusu. Ndiyo maana sehemu ya pili, niliyoingojea sana, iliniacha nikiwa na furaha na hasira kwa mara moja.

Kosa la tatu ndilo kubwa: katika filme hizi hakuna kifo kisicho na mwenyewe. Mtu akifa, lazima iko mkono wa mtu. Habari inakuwa tamu, sikatai. Lakini tukitoka na kanuni hiyo mpaka barabarani, jirani anakuwa mashakani.

5. KANUNI HIYO IKITOKA KATIKA TELEVIZYO

Nigeria kwenyewe, filme End of the Wicked ya mwaka 1999, iliyotolewa na kanisa la mhubiri Helen Ukpabio, ilionyesha watoto wakiingizwa katika ulozi usiku. Watetezi wa watoto waliilaumu kwamba ilichochea watu kuwashitaki watoto wao wenyewe. Kinshasa nako, michezo ya televizyo yenye walozi na wachungaji ilipendwa sana. Mtaalamu wa Ubelgiji, Katrien Pype, alikaa na kundi moja la waigizaji, Cinarc, na kitabu chake kikatoka mwaka 2012. Waigizaji wenyewe waliomba kabla ya kupiga picha, kwa kuwa kwao mchezo haukuwa mchezo tu. Na katika mji huo huo watoto wengi walifukuzwa nyumbani kwa neno "mulozi". Televizyo peke yake haikuleta hayo. Umaskini, vita na vifo vya wazazi vilikuwapo. Lakini televizyo iliwapa watu sura ya kumbandikia mtoto.

Mujue basi sheria ya inchi yetu. Katiba ya mwaka 2006, kipengele cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu kwa mwenye kufanya hivyo.

Na sisi wa hapa tulijifunza kwa uchungu. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, habari ilipotangazwa kule Mangina, mpaka tarehe 25 Juni 2020, Ebola iliwashika watu 3,470 na kuwaua 2,287. Wengi walikuwa wa Beni, Katwa, Butembo na Mabalako. Wangapi walisema ni sumu, ni ulozi, ni biashara ya watu fulani? Vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na mwezi wa Aprili daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa hapa mjini akiwa kazini. Watu walikuwa na kifo kisichoeleweka, wakakitafutia mwenyewe.

Someni kitabu cha Ayubu. Alikuwa tajiri, na watoto wake 10 walikufa siku moja. Rafiki zake watatu walikuja kumfariji, lakini walifikiri kama Yaya wetu: lazima iko jambo alilofanya. Mwishoni ni rafiki hao walioambiwa kwamba hawakusema sawasawa. Tena katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua kipofu alizaliwa hivyo kwa zambi ya nani. Yesu hakuwapa jina la mtu.

6. MUZIMU UNATENGENEZWA NAMNA GANI?

Ni vizuri kujua ufundi, ili macho yasituongoze kama vipofu. Mwaka 1896, Mfaransa Georges Méliès alionyesha mwanamke ameketi kitini. Akamfunika kitambaa, akakiondoa, mwanamke hayupo. Alisimamisha mashine tu, mwanamke akatoka, mashine ikaendelea. Namna nyingine ni kupiga picha ya chumba mara mbili, mara ya kwanza kitupu, mara ya pili na mtu ndani, kisha kuzichanganya. Mtu anaonekana kama moshi. Ongeza poda nyeupe usoni na mziki wa kutisha, muzimu umekamilika. Fanyeni jaribu moja: angalieni sehemu ya kutisha bila sauti. Mutaona hofu nyingi ilikuwa katika masikio.

7. MWISHO WA HABARI YANGU

Miaka mingi nyuma yake nilikutana na yule mwenzetu Beni, karibu na pahali magari ya Butembo yanaposimama. Tulisalimiana kama watu wakubwa. Tuliulizana habari za watoto. Kisha akasema bila hasira: "Ile filme nayo niliangalia. Sasa ninajua Kiingereza. Nilitafuta ile neno ya wachuruzi na watoto wao. Haiko."

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Umekawia." Gari lake likaita, akapanda.

Sijui kama hilo lilikuwa ndiyo au hapana. Ninawaandikia ninyi kwa sababu ninyi hamujakawia. Angalieni filme zenu, ogopeni, chekeni. Lakini Jumatatu, jina la jirani lisiandikwe mlangoni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Andy alianza kupotea saa gani: alipoingia chama cha siri, au mbele yake? Toeni sababu.
2. Tina alimsamehe Andy. Je, alikuwa na haki ya kumsamehe kwa niaba ya Merit?
3. Tajeni njia tatu ambazo mchuruzi wa mji wetu anapata faida. Ni zipi za haki, ni zipi si za haki?
4. Mtafsiri anaruhusiwa kuongeza maneno yake? Mpaka wapi?
5. Mwenzako amefiwa, na watu wanasema maneno. Utakaa wapi kwenye benchi?